Farasi Wangu na Bata wa Daktari wa Meno

Jumatatu, 1 Desemba

Kosa wanalofanya watu wengi ni kusubiri mpaka waitazame filamu ndipo waipende. Kosa kubwa! Filamu ikishatazamwa huwa imekwisha kuharibika. Inakuwa na waigizaji wanaoongea, ina muziki, ina mwisho. Lakini filamu inayosubiriwa haina dosari hata moja. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na nasema kwa uhakika: mlima mzuri ni ule ulio mbali.

Kwa hiyo nimekwisha kuchagua. Filamu niliyoisubiri kuliko zote mwaka huu: Farasi wa Chumvi. Filamu niliyoipenda kuliko zote mwaka huu: Farasi wa Chumvi. Bado haijafika mjini. Nimeona trela yake tu. Farasi mweupe, uwanda mweupe wa chumvi, anga nyeupe. Uzuri ulioje! Nilimwita mke wangu aje aone. Akauliza farasi mwenyewe yuko wapi. Nikamwonyesha. Akasema lile ni wingu.

Lazima nifafanue hali ilivyo, maana shajara isiyoeleweka ni ramani isiyo na kaskazini. Mtaani kwetu kuna ukumbi mmoja wa sinema, na ukumbi huo una chama cha wapenda filamu. Kila Desemba wanachama hutaja filamu wanazozipenda kuliko zote za mwaka. Iliyoshinda huonyeshwa tena Jumamosi ya tatu, ukumbi ukiwa umejaa mpaka kwenye ngazi, na aliyeitaja husimama mbele ya skrini kuifafanua kabla taa hazijazimwa. Kusimama huko! Koti limepigwa pasi, watu kimya, nyuso zote zimekuelekea. Tangu nistaafu, hicho ndicho kipindi pekee kilichobaki kwenye ratiba yangu. Nimekifundisha kila Desemba na hakuna aliyewahi kunipinga.

Mpaka leo. Mwenyekiti wetu, mama mwenye duka la dawa ambaye tunamwita Mfamasia, ametangaza kwamba safari hii kutakuwa na kura, Jumapili ya tarehe 14. Ati kuna malalamiko. Ati mwaka jana ufafanuzi wangu ulikuwa mrefu kuliko filamu. Nikasema filamu ndiyo iliyokuwa fupi. Akasema kuna bibi mmoja alirudi nyumbani akidhani filamu ndiyo mimi.

Na mpinzani ni nani? Daktari wa Meno! Filamu yake inaitwa Bata Hana Kosa. Ni ya kuchekesha. Mtu mzima, ana cheti ukutani, anapigia debe bata.

Nitamshinda kwa elimu.


Jumatano, 3 Desemba

Mpango wa kwanza. Niliwaalika wanachama sebuleni kwangu niwape semina fupi kuhusu chumvi. Haiwezekani kumwelewa farasi wa chumvi bila kuielewa chumvi. Hili liko wazi.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Mke wangu anasema walisikia kuna chai na karanga. Nilitundika ramani ukutani. Nikachukua sufuria ya mke wangu, nikaijaza maji ya chumvi, nikaiweka juu ya jiko ili wajionee kwa macho jinsi maji yanavyoondoka na chumvi inavyobaki. Elimu kwa vitendo.

Hesabu ya mvuke inataka subira. Nilipofika kwenye upepo, Shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuwa amesinzia tangu kwenye salamu, alizinduka ghafla na kupiga makofi. Wenzake wakadhani ndiyo mwisho. Wakapiga makofi nao, wakasimama, wakavaa viatu. Mfamasia alinishukuru kwa chai. Hakutaja chumvi.

Sufuria iliungua. Nilifungua madirisha yote. Mke wangu aliishika ile sufuria kwa ncha mbili za kitambaa, akaniuliza kama huyo ndiye farasi mwenyewe au ni nduguye.

Nilikula karanga zilizobaki kwa hasira. Moja ilikuwa jiwe. Jino la nyuma, upande wa kushoto, limepasuka. Maumivu makali! Mke wangu akanikumbusha, kwa utulivu ambao sikuupenda, kwamba mtaa huu una daktari mmoja tu wa meno.


Ijumaa, 5 Desemba

Nimevumilia siku nzima ya jana kwa karafuu na kiburi. Leo nimekwenda. Lakini nilikwenda na mpango! Nilikusudia kukaa kwenye kile kiti kama mgonjwa na kuondoka nikiwa mshindi. Ningemwonyesha Daktari, kwa hoja za polepole, kwamba bata ni ndege asiye na falsafa, na kwamba heshima yake inamtaka ajitoe.

Nilifungua kinywa nianze hoja ya kwanza. Akasema vizuri sana, hivyo hivyo, usifunge. Akajaza pamba.

Halafu akanisimulia filamu yake. Yote! Huku mashine inaunguruma! Ni hivi: katika mji mdogo, bata wa jirani anaingia ofisi ya meya na kumeza mhuri wa serikali. Bila mhuri hakuna linalokwenda. Watu hawawezi kuoa, hawawezi kuuza ng'ombe, hawawezi hata kufungua maji. Wanampeleka bata mahakamani. Wakili wa bata ni kiziwi. Daktari alikuwa akicheka mwenyewe, mabega yanatikisika, na mkono wenye chombo uko ndani ya kinywa changu. Nilitaka kumwuliza maswali mazito. Nilichoweza kusema ni "aa." Yeye akaelewa kuwa nimefurahi.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifafanuliwa. Sipendekezi.

Alipomaliza aliniambia kwamba hatanimalizia mwisho wake, maana utamu wote wa filamu ile uko mwishoni, na mtu akiujua mwisho hana tena sababu ya kuitazama. Akanipigapiga begani. Akasema, "Suuza, Mwalimu."

Nilisuuza. Lakini sikio lilikuwa limekwisha kunasa! Mtu akiujua mwisho hana tena sababu ya kuitazama. Ametoa siri ya ngome yake kwa mdomo wake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii mimi ndiye kikulacho.


Jumamosi, 6 Desemba

Mpango wa pili ni rahisi na ni mzuri mno. Kwanza, kuujua mwisho wa bata. Pili, kuueneza mji mzima. Filamu iliyokwisha kujulikana itapigiwa kura na nani?

Sikuweza kuingia ukumbini waziwazi. Mimi, mtu wa farasi, nionekane nikimtazama bata? Niliazima kofia ya Shemeji na miwani myeusi ya mke wangu. Mwelekezaji wa viti aliniambia karibu Mwalimu, kiti chako cha kawaida kiko wazi.

Kwa ile miwani sikuona kitu mpaka nilipoivua. Nilikaa wima, mikono kifuani, uso wa mtahini. Nataka iandikwe hapa kwamba sikucheka. Nilikohoa. Nilikohoa wakili alipomhoji jogoo. Nilikohoa sana meya alipojaribu kuupiga mhuri mkataba kwa kumkalisha bata juu yake. Ilifika mahali mama wa kiti cha mbele aligeuka na kunipa leso nifute machozi. Ya kikohozi.

Mwisho wenyewe ni huu. Hakimu anainua nyundo amhukumu bata. Bata anapanda juu ya meza ya hakimu. Anatulia. Anataga. Yai linabingirika mpaka kwenye miwani ya hakimu, na juu ya ganda, wazi kabisa, kuna chapa ya serikali: IMEIDHINISHWA. Tangu siku hiyo kila mwenye shida ya mhuri anapewa yai.

Upuuzi mtupu. Nilirudi nyumbani nikimsimulia mke wangu ili ajue ni upuuzi wa aina gani. Ilibidi akae chini, akajishika mbavu. Nikamwonya kwamba anamtia moyo bata.


Jumanne, 9 Desemba

Nimefanya kazi kama punda tangu Jumapili. Nimeeneza mwisho wa bata kila pembe ya mtaa. Foleni ya mkate: nimeusema. Kwa fundi cherehani, akinipima suruali: nimeusema, tena kwa ishara, mpaka akanichoma pini. Kwa Shemeji, ambaye ni kinyozi: nimeusema watu wakiwa wamejaa kwenye viti, na aliyekuwa akinyolewa alicheka vibaya akapoteza nusu ya ndevu.

Nakiri kwamba mwisho ule hausimuliki kwa maneno tu. Ni lazima uonyeshe bata anavyotulia. Uso lazima uwe wa mtu mwenye mawazo mazito. Kisha magoti yanashuka kidogo kidogo. Nimeupata mkao wake barabara. Kwenye foleni ya mkate waliniomba nirudie. Nilirudia, kwa nia ile ile ya kuharibu.

Leo asubuhi nikapita ukumbini nikaone magofu ya adui yangu.

Foleni! Foleni imetoka mlangoni, imezunguka duka la dawa, imefika kwa fundi cherehani! Wote wanakwenda kumwona bata! Nilimshika mzee mmoja mkono, nikamwambia pole pole kwamba yeye anaujua mwisho, mimi mwenyewe nimemwambia. Akasema ndiyo, baba, ndiyo maana nimeleta na wajukuu.

Fundi Projekta, yule anayeendesha mitambo ya ukumbi, alitoka kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu akiitangaza filamu namna hii. Wameongeza onyesho la mchana. Akaniuliza Daktari ananilipa nini.

Nilikwenda kukaa kwenye benchi.


Alhamisi, 11 Desemba

Amekuja! Farasi wangu amekuja! Asubuhi tangazo lilibandikwa mlangoni: Farasi wa Chumvi, leo saa kumi, onyesho moja tu. Fundi Projekta anasema ni moja kwa sababu siku nyingine zote zimechukuliwa na bata. Sikuuliza ni kosa la nani.

Hapa palizuka tatizo la kielimu. Kwa mujibu wa kanuni yangu, sikupaswa kuitazama. Lakini Mfamasia ametoa sharti jipya: siku ya kura kila mtetezi ataulizwa maswali kuhusu filamu yake. Sikuwa na njia. Nilivaa koti. Nikaenda na mke wangu, na wanachama wengine karibu wote walikuwepo. Hata Daktari. Amevaa tai! Mchokozi.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakuwa na sinema. Katika sinema mwenye macho lazima aambiwe, la sivyo anatazama pembeni. Kwa hiyo taa zilipozimwa na uwanda ulipotokea nilianza kumfafanulia kijana wa kiti cha kulia ni kwa nini chumvi ni nyeupe. Akahama. Nikamfafanulia mama wa kiti cha nyuma. Nikasimama kidogo ili wa mbele nao wapate. Farasi akatokea! Nikasema, jamani, tazameni kwato! Mtu akasema keti. Mwingine akasema, mpeni maji. Nikajibu kwamba nitaketi wakishaelewa.

Mwelekezaji wa viti alinishika kiwiko kwa heshima zote. Akaniambia Mwalimu, tafadhali, nje kuna hewa nzuri. Nilidhani ananiita kwa shauri. Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Nilimsubiri mke wangu kwenye ngazi mpaka filamu ilipokwisha. Alitoka ametulia sana, amepumzika, kama mtu aliyetoka likizo. Nikamwomba anisimulie yaliyotokea. Akatabasamu. Akasema hapana, mume wangu, asingependa kuniharibia.


Jumapili, 14 Desemba

Kura.

Tulikutana kwenye chumba cha kungojea cha ukumbi, viti kwa duara. Mfamasia alikuwa na kengele yake ndogo ya mezani, ile ya dukani. Daktari wa Meno aliitwa kwanza. Alisimama, akasema filamu yake ni ya bata, inachekesha, ahsante. Akaketi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Huo ndio utetezi? Nilimwonea huruma. Nikapanga ushindi wangu uwe wa upole.

Nilisema maneno ya utangulizi tu, kisha kengele ikalia. Mfamasia akasema twende kwenye swali. Farasi anaishia wapi?

Mtu dhaifu angesema sijui. Mimi nilivuta pumzi. Nikasema farasi anauvuka uwanda peke yake. Anafika baharini. Anainama, anaonja maji, na anatambua kwamba kile alichokuwa akikikimbia ndicho alichokuwa akikifuata. Sauti yangu ilitetemeka mahali panapostahili.

Watu wakatazamana. Nilidhani wamezidiwa na hisia.

Fundi Projekta, aliyekuwa akifagia, akaegemea ufagio wake. Akasema kwa sauti ya kuomba msamaha kwamba farasi anauzwa mwanzoni kabisa, kabla watu hawajamaliza kufungua pakiti za bisi. Harudi tena. Filamu yote iliyobaki ni ya dada wawili wanaogombania jiko la marehemu mama yao.

Nikasema hilo nilikuwa nakuja nalo.

Mfamasia akaniuliza ni dada yupi alilichukua jiko. Nilipima uzito wa mambo. Nikasema mkubwa. Chumba kizima kikasema, kwa pamoja kama kwaya, kwamba walilivunja.

Kura zote zilikwenda kwa bata isipokuwa moja. Niliipiga mwenyewe. Shemeji alimnyooshea bata mkono akiwa amevaa shati nililompa mimi! Nikamwambia njiani mla nawe hafi nawe. Akanijibu, "Shemeji, mimi nakupenda, lakini mgongo wangu hauwezi viti vile kwa saa tatu."

Nimeweka koti kabatini. Mke wangu alikuwa na maneno ya mzaha mdomoni, nilimwona, lakini aliponitazama akayameza. Akaniletea uji. Hilo liliniuma kuliko mzaha. Jumamosi mtu mwingine atasimama pale mbele, na mimi nitakuwa uso mmoja kati ya nyuso.


Jumatano, 17 Desemba

Hodi asubuhi. Daktari wa Meno! Amekonda. Nilidhani amekuja kunicheka. Nikamkaribisha kwa baridi inayostahili, nikamwonyesha kiti kigumu.

Hakuwa na kicheko. Alimwambia mke wangu, maana mimi hakuweza kunitazama, kwamba halali tangu Jumapili. Ameanza kujizoeza hotuba yake ya kufungua filamu. Kwenye kiti kitupu cha kazini kwake anasema vizuri kabisa. Lakini juzi alimketisha mkewe pale mbele, naye mkewe akafunga mdomo, akamtazama, na sauti ikapotea. Akasema hajawahi maishani mwake kuzungumza na mtu anayeweza kumjibu. Na Jumamosi watakuwa ukumbi mzima! Wote midomo imefungwa!

Mke wangu akamwuliza kwa nini basi aligombea. Akasema anampenda bata. Hakujua kwamba kumpenda bata kunafika mpaka huko.

Nilijaribu kuficha furaha. Nikakohoa.

Ndipo akaomba. Akasema Mfamasia yuko radhi asimame mwingine badala yake. Na katika mtaa huu mzima hakuna amsimuliaye bata kama mimi. Alisikia kwa fundi cherehani, alisikia kwenye mkate, alisikia kwa kila mgonjwa aliyekuja wiki iliyopita ambaye hakuweza kutulia kitini kwa kucheka.

Mimi! Nimsimamie bata! Nilinyanyuka nimwambie kwamba mtu wa farasi hanunuliwi. Mke wangu akaniuliza, bila kuinua macho kwenye vitunguu alivyokuwa akikata, kama ninachokitaka ni farasi au ni kusimama pale mbele.

Swali la kitoto. Nilikubali kabla hajamaliza.

Masharti ni mawili. Kengele ya Mfamasia ikilia, ninashuka. Na la pili, hili Daktari alilisema ameushika mkono wangu kwa mikono miwili: nisiuseme mwisho. Akasema, "Mwalimu, mwisho waachie wenyewe." Nikamwahidi. Mimi ni mtu wa ahadi.

Nimetoa koti kabatini. Nimeandika hotuba. Kwa mbali, kwenye aya ya kati, nimepenyeza chumvi kidogo.


Jumapili, 21 Desemba

Jana! Niandike pole pole nisisahau kitu.

Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mfamasia mstari wa mbele na kengele yake magotini. Kando yake Daktari, mikono ameikunja kifuani kama anayeomba. Kando yake mke wangu. Nilipanda. Koti, kimya, nyuso. Jamani, nyuso zile!

Nilianza na chumvi. Mguno ulipita ukumbini kama upepo kwenye mabati. Mke wangu akatikisa kichwa, kidogo tu, hivi. Nikaiacha karatasi. Nikasema, palikuwa na mji mdogo, na palikuwa na bata.

Wakacheka hapo hapo! Nikawaonyesha meya. Nikawaonyesha wakili kiziwi. Nilimfanya jogoo shahidi kwa sauti yake mwenyewe, na bibi mmoja, nadhani ni yule yule aliyedhani filamu ndiyo mimi, alijipigapiga mapaja kwa furaha. Sikuwahi kupata darasa kama lile katika miaka yote ya mito na milima.

Kengele ikalia. Nikasema namalizia. Kengele ikalia tena. Nikasema ndiyo, ndiyo. Na kwa dhati kabisa nilikuwa nimeshaanza kushuka. Mguu mmoja ulikuwa hewani!

Ndipo sauti kutoka nyuma ikauliza: sasa huyo bata ilikuwaje?

Nilimtazama Daktari. Alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amefunika uso. Lakini nifafanue jambo hapa. Ahadi ni ahadi, sikatai. Ila mwalimu haachi swali la mwanafunzi likining'inia. Hilo ni la zamani kuliko ahadi.

Nikarudi. Nikatulia. Uso wa mawazo mazito. Magoti yakaanza kushuka. Na kabla sijafungua mdomo, ukumbi mzima, kuanzia ngazini mpaka mstari wa mbele, ukapaza sauti moja: IMEIDHINISHWA!

Waliujua wote! Niliwafundisha vizuri mno.

Mfamasia akampungia Fundi Projekta. Taa zikazimwa. Lakini nilikuwa bado nina maelezo mafupi kuhusu ganda la yai, kwa hiyo niliendelea. Filamu ikaanza juu yangu. Naambiwa bata alitokea kwenye bega langu la kulia, akapanda kichwani, akasimama juu ya kipara akatazama huku na huku, kisha akashuka kwa tai mpaka tumboni. Mimi sikumwona, nilikuwa nafafanua. Niliona tu watu wameanguka kutoka vitini. Shemeji alikuwa akilia kwa sauti. Nikapiga hatua kando kuwapisha waone. Bata akanifuata. Meya akaniingia mfukoni.

Mke wangu ndiye aliyepanda kunichukua. Alinishika mkono, naye akawa na bata usoni, na alikuwa akicheka kama nilivyomwona akicheka kabla hatujaoana. Tukashuka pamoja. Makofi yalikuwa mengi. Ni wazi yalikuwa yangu.

Mwisho wa filamu ulipofika, hakuna aliyecheka kwa mshangao, maana wote walikwisha kulitaja yai kabla halijatagwa. Daktari wa Meno alifuta machozi. Nikamwambia nimefurahi kwamba amefurahi. Mke wangu akanivuta haraka.


Jumatatu, 22 Desemba

Mfamasia amekuja na barua ya chama. Kwa kauli moja nimepandishwa cheo. Sasa mimi ni Mlezi wa Chama. Kuanzia mwaka ujao nitakuwa na kiti changu cha heshima, chenye mto, ndani ya chumba cha projekta. Mlango utakuwa ukifungwa wakati wote wa maonyesho na wa utangulizi, ili nisisumbuliwe.

Mke wangu anasema nimefungiwa. Haelewi mambo ya vyama. Nimekwenda kukikagua chumba chenyewe. Ukutani kuna kidirisha kidogo ambako mwanga hupitia kwenda ukumbini. Nimejaribu. Sauti nayo inapita, tena vizuri sana. Watanisikia watu wote na hakuna atakayeweza kunishika kiwiko. Na mbele ya ule mwanga, mkono wa mtu ukiwekwa hivi, unatokea kwenye skrini ukiwa mkubwa kama nyumba! Nitaweza kuwaonyesha mahali pa kutazama! Fundi Projekta ameniomba nisiguse kitu. Mtu mwema, lakini ni mwoga.

Filamu bora ya mwaka ujao nimekwisha kuichagua. Nimeona nusu ya tangazo lake ukutani, nusu nyingine imepeperuka. Ina ngazi na kivuli. Sijawahi kuipenda filamu hivi.

Kuhusu bata, mambo yamenithibitishia nilichokijua tangu zamani: watu wana kiu ya kuelezwa. Foleni ile ilitokana na nini? Vicheko vile vilitokana na nini? Nawe utakayeikuta shajara hii, usikae bure. Leo hii, kabla hujala chakula cha jioni, mtafute mtu ambaye bado hajaitazama filamu unayoipenda, mshike mkono asiondoke, umwambie inavyokwisha.